Montessori au shule ya kawaida: tofauti iko wapi hasa, na mzazi atazame nini

Jina Montessori, la mfumo wa kufundisha watoto ulioanzishwa na daktari wa Kiitaliano Maria Montessori, halina mwenyewe. Mwaka 1967, vyama viwili vya Montessori vilipovutana nchini Marekani kuhusu nani ana haki ya kulitumia, mamlaka ya alama za biashara ya nchi hiyo iliamua kwamba ni jina la aina fulani ya elimu, kama lilivyo neno chekechea, na hakuna chama kinachoweza kulihodhi. Sehemu nyingi za dunia mambo yako hivyo hivyo. Mtu akikodi nyumba, akanunua viti vidogo vya rangi na kuandika Montessori getini, hakuna wa kumuuliza.

Kwa hiyo wazazi wawili wanaweza kubishana mchana kutwa, mmoja akiapa kwamba mwanawe alianza kusoma kabla hajafika miaka sita, mwingine akilalamika kwamba wake alimaliza mwaka akimimina maji kutoka jagi moja hadi jingine, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Wanazungumzia shule mbili tofauti zilizovaa jina moja. Hapo hapo anaingia wa tatu: hizo ni za watoto wa matajiri. Wa nne anamalizia kwamba huko watoto wanajiamulia tu. Mjadala unavunjika kila mtu akiwa na lake lile lile alilokuja nalo.

Tuanze basi na maana za maneno yenyewe.

Shule ya kawaida, katika makala hii, ni ule mpangilio ambao wengi wetu tumepitia. Watoto wa umri mmoja wanakaa darasa moja. Mwalimu anafundisha somo moja kwa wote kwa wakati mmoja. Ratiba inagawa siku katika vipindi, mtaala unasema kila mwaka uishie wapi, na mwisho wa muhula kuna mtihani, alama, na pengine nafasi ya mtoto kati ya wenzake.

Darasa la Montessori la watoto wadogo linachanganya wenye miaka mitatu, minne na mitano hadi sita katika chumba kimoja, na mtoto hukaa humo miaka mitatu na mwalimu yule yule. Kila mmoja anashughulika na kazi yake, aliyoichagua mwenyewe kati ya zile alizokwisha kuonyeshwa. Asubuhi kuna muda mrefu usiokatizwa na kengele, kwa kawaida saa tatu nzima. Kazi zenyewe hufanywa kwa vifaa maalumu vya kushika kwa mikono. Hakuna alama, hakuna nyota za kubandika daftarini, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Wakiendelea na mfumo huo baadaye, makundi huwa ya miaka 6 hadi 9, kisha 9 hadi 12.

Tofauti nyingine zote zinatokana na swali moja: nani anaamua mtoto huyu afanye nini saa hii? Katika shule ya kawaida wanaoamua ni ratiba na mtaala, kupitia mwalimu. Katika Montessori anaamua mtoto, ndani ya mipaka ambayo mwalimu ameiweka kabla mtoto hajaingia chumbani. Hiyo nusu ya pili ya sentensi ndiyo inayosahaulika zaidi, na tutairudia.

Mifumo yote miwili ilizaliwa na shida za kweli. Kuwagawa watoto kwa umri si jambo la kale kama tunavyodhani. Kwa muda mrefu shule nyingi zilikuwa chumba kimoja chenye watoto wa rika zote, kila mmoja akiitwa mbele kwa zamu yake. Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, katika karne ya 18 na 19, ndiko utaratibu wa shule za serikali kwa kila mtoto uliposhika kasi, na Horace Mann, aliyekuwa msimamizi wa elimu wa jimbo la Massachusetts, alikwenda kuutazama mwaka 1843. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1840 mji wa Boston ukafungua shule ya Quincy, yenye vyumba vingi, kila chumba na mwalimu wake na ngazi yake. Dunia ikaiga. Sababu ni rahisi kuielewa: mwalimu anaandaa somo moja, anawafundisha watoto wengi kwa mpigo, na mkaguzi anaweza kupima kama kazi imefanyika. Bila mpangilio huo pengine mamilioni ya watu wasingejua kusoma.

Maria Montessori alitokea upande mwingine kabisa. Alizaliwa Italia mwaka 1870 na kuhitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896, wakati ambapo madaktari wanawake nchini mwake walikuwa wa kuhesabu. Watoto wa kwanza aliowashughulikia ni wale walioonekana hawafundishiki, waliofungiwa katika hifadhi za wagonjwa wa akili bila chochote cha kufanya. Akachukua mawazo ya madaktari wawili wa Ufaransa waliomtangulia, Jean Itard na Édouard Séguin, akatengeneza vifaa vya kugusa, kupanga na kulinganisha. Watoto wakapiga hatua ambazo hakuna aliyezitarajia. Swali lililomkaa kichwani likawa hili: kama hawa wamefika hapa, ni nini kinachowarudisha nyuma watoto wenye afya njema walio katika shule za kawaida?

Tarehe 6 Januari 1907 akafungua Nyumba ya Watoto ya kwanza huko San Lorenzo, mtaa wa wafanyakazi maskini mjini Roma. Watoto walikuwa wakibaki peke yao wazazi wakienda kazini, wakiharibu ngazi na kuta za majengo, na wenye majengo walitaka mtu wa kuwatuliza. Ndiyo asili ya kile kinachoitwa leo elimu ya matajiri. Kwamba sehemu nyingi imekuwa ghali ni kweli, na sababu zinajulikana: seti kamili ya vifaa ni bei, mafunzo ya mwalimu ni marefu, na shule nyingi ni za watu binafsi. Lakini mfumo wenyewe haudai hivyo. Marekani pekee kuna mamia ya shule za umma zinazoutumia.

Tuingie darasani sasa, maana humo ndimo mkanganyiko mwingi unamokwisha.

Mahali panapofanana zaidi na darasa la Montessori ni karakana ya seremala. Hakuna anayehutubia. Mwanagenzi mmoja anapiga randa, mwingine anapima ubao, wa tatu amesimama tu akitazama. Msumeno ni mmoja, anayeuhitaji anasubiri. Kila kifaa kinarudi mahali pake, kwa sababu atakayekuja baadaye atakitafuta hapo hapo. Fundi anazunguka, anamwonyesha mmoja jambo jipya, anamwacha alirudie hadi mkono uzoee. Wakubwa wanawaelekeza wadogo bila kutumwa. Na kiungo kilichopimwa vibaya hakihitaji mtu wa kukikosoa: hakiingii.

Hilo la mwisho ndilo moyo wa vifaa vyote vya Montessori. Chukua ule ubao wenye mashimo kumi na silinda kumi za mbao, kila moja na shimo lake. Mtoto wa miaka mitatu anazichomoa zote, anazichanganya, anazirudisha. Akiitumbukiza silinda nyembamba katika shimo pana, hakuna anayemwambia kitu. Mwishoni itabaki mkononi silinda nene isiyo na pa kuingia, naye ataanza kutafuta mwenyewe alikosea wapi. Mnara wa waridi ni michemraba kumi ya mbao, mdogo kabisa una sentimita moja kila upande na mkubwa una kumi. Mtoto anaijenga kutoka mkubwa hadi mdogo. Akiruka mmoja, jicho lake linaona kabla mwalimu hajasema. Anayekosolewa na mbao hana wa kumwonea aibu.

Kwenye herufi, mtoto hupapasa kwa vidole umbo la herufi lililokatwa kwa msasa na kubandikwa kwenye kibao, huku akitamka sauti yake. Kisha anapewa kisanduku cha herufi zilizokatwa moja moja na kuanza kuunda maneno anayoyatamka, hata kabla mkono wake haujaweza kushika kalamu vizuri. Kuandika kunatangulia, kusoma kunafuata. Njia hii ilizaliwa katika Kiitaliano, lugha ambayo herufi husomeka karibu kama zilivyoandikwa, na kwa lugha za aina hiyo, Kiswahili kikiwemo, inateleza kwa urahisi zaidi kuliko kwa Kiingereza chenye tahajia ya vituko.

Hesabu nazo zinashikika. Ushanga mmoja ni moja. Shanga kumi zilizotungwa kwenye waya ni kumi. Waya kumi zilizounganishwa bapa ni mia. Mia kumi zilizopandishwa juu ya nyingine ni mchemraba wa elfu, na mtoto wa miaka mitano anaubeba kwa mikono miwili akihisi kwamba elfu ni zito, na mia ni jepesi. Katika vitabu vingi vya shule, tofauti ya mia na elfu ni sifuri moja tu iliyoongezeka.

Namna ya kufundisha jina la kitu nayo inafaa kutajwa, kwa sababu mzazi yeyote anaweza kuitumia leo. Ilitoka kwa Séguin na ina hatua tatu. Kwanza mwalimu anataja: hii ni s, hii ni m. Halafu anaomba: nionyeshe m, nipe s, weka m mezani. Hatua hii ya pili ndiyo ndefu kuliko zote, na ina utani na harakati nyingi. Mwisho kabisa anauliza: hii ni nini? Mtoto akishindwa, mwalimu hasahihishi. Anafunga somo kwa upole, atarudi siku nyingine. Wengi wetu, shuleni na nyumbani, tunaruka kutoka hatua ya kwanza hadi ya tatu. Tunataja mara moja, tunauliza papo hapo, kisha tunashangaa mtoto anapoinamisha kichwa.

Na mwalimu wakati huo wote anafanya nini? Anatazama, na anaandika. Nani amerudia kazi gani mara ngapi, nani yuko tayari kuonyeshwa inayofuata, nani anazurura. Kwa mgeni anayechungulia dirishani anaonekana kama hafanyi kazi. Mwalimu dhaifu wa shule ya kawaida anabebwa na kitabu na ratiba. Mwalimu dhaifu wa Montessori hana cha kumbeba, na darasa lake huvurugika ndani ya wiki chache. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatari kubwa ya mfumo wenyewe, na haisemwi vya kutosha.

Sasa yale yanayosemwa mitaani.

Kwamba wanacheza tu. Ukweli unakaribia kuwa kinyume. Katika darasa la Montessori lililo kamili, michezo ya kuigiza ni michache kuliko katika chekechea nyingi za kawaida. Hakuna kona ya wanasesere wala ya mavazi ya kuigizia. Mnara wa waridi haugeuzwi gari wala bunduki; anayeutaka kwa kazi hiyo anaelekezwa kwa upole kuchukua kitu kingine. Mtoto anafagia kwa ufagio halisi, anakata kwa kisu kidogo cha kweli, anamimina kwa gilasi inayovunjika. Lawama nzito dhidi ya mfumo huu tangu zamani imekuwa hiyo hasa: kwamba unabana mawazo ya kubuni na unampa mtoto kazi za kujitenga mno. William Kilpatrick wa Chuo cha Ualimu cha Columbia aliandika kitabu kizima cha kuukosoa mwaka 1914, na shauku ya Wamarekani ikafifia kwa miongo kadhaa, hadi iliporudi karibu na mwaka 1960. Mzazi anayeamini kwamba kuigiza na kubuni hadithi ni chakula cha akili ya mtoto wa miaka minne ana haki ya kuliuliza jambo hili kwa uzito.

Kwamba hakuna nidhamu. Uhuru uliopo una kuta. Huwezi kuchagua kazi ambayo hujaonyeshwa. Huwezi kuchukua kifaa alichonacho mwenzako. Ukimaliza unarudisha. Humsumbui anayefanya kazi. Kinachokosekana ni kelele za kuamrisha, na watu wengi tumezoea kuipima nidhamu kwa kelele hizo.

Kwamba watoto wachache darasani ndiyo alama ya Montessori. Hili linauzwa sana kwenye vipeperushi, na si kweli. Chama cha Kimataifa cha Montessori, AMI, alichokianzisha Maria Montessori na mwanawe Mario mwaka 1929, kinapendelea darasa la watoto karibu 30 au zaidi kidogo wa umri mchanganyiko, wakiwa na mwalimu mmoja aliyefunzwa na msaidizi. Sababu ni ile ya karakana: watoto wakiwa wanane tu, wote wa miaka mitatu, hakuna mkubwa wa kumtazama, na kila mmoja anamgeukia mtu mzima.

Kwamba ni kwa watoto wenye vipaji, au kinyume chake, kwa wenye matatizo. Mfumo ulianzia kwa kundi la pili na ukahamia kwa watoto wa kila aina. Kama mwanao ana hitaji maalumu, ulizia ujuzi wa mwalimu juu ya hitaji hilo hasa, katika shule ya aina yoyote. Jina la mfumo halitakujibu.

Swali gumu zaidi linabaki: je, inafanya kazi kuliko ile nyingine?

Ukiwalinganisha tu watoto waliosoma Montessori na wasiosoma, hutapata jibu. Mzazi anayezunguka kutafuta shule ya Montessori, akauliza, akalipa, mara nyingi ndiye pia anayemsomea mtoto hadithi usiku na mwenye vitabu sebuleni. Mtoto akifanya vizuri, hujui usifu shule au usifu nyumba. Ili kuvitenganisha, watafiti wametumia bahati nasibu. Baadhi ya shule za umma za Montessori hupokea maombi mengi kuliko nafasi, zikaamua kwa kura. Waliopata na waliokosa ni familia za aina moja, wote walitaka. Tofauti itakayojitokeza baadaye ina uzito.

Mwaka 2006 Angeline Lillard na Nicole Else-Quest walichapisha katika jarida la Science utafiti wa namna hiyo kutoka mji wa Milwaukee, Marekani. Wenye miaka mitano waliopata nafasi walikuwa mbele katika kusoma, hesabu na namna ya kutatua ugomvi na wenzao. Katika wenye miaka 12 pengo la masomo halikuonekana tena kwa uwazi huo, ingawa insha zao zilikuwa na ubunifu zaidi. Utafiti mwingine wa kura, wa watoto 141 huko Hartford, pia Marekani, ulitoka mwaka 2017: walianza sawa wakiwa na miaka mitatu, na kadiri muda ulivyokwenda wa Montessori wakasonga mbele, huku pengo kati ya watoto wa familia zenye kipato kidogo na zenye kipato kikubwa likipungua. Mwaka 2025 ukatoka mkubwa zaidi wa aina hiyo, wa watoto 588 na shule 24 za umma za Marekani. Mwisho wa chekechea wale wa Montessori walikuwa mbele katika kusoma, katika kumbukumbu ya muda mfupi, katika kujitawala na katika kuelewa fikra za wengine. Gharama ya miaka mitatu kwa kila mtoto ilikuwa pungufu pia, kwa kuwa mtu mzima mmoja alihudumia watoto wengi zaidi katika umri wa miaka mitatu na minne.

Kabla hujakimbilia kujaza fomu, kuna Ufaransa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofuatilia watoto wa mtaa wenye hali duni, uliwapata wa Montessori wakiwa mbele katika kusoma mwishoni mwa chekechea, lakini katika hesabu, kujitawala na kuishi na wengine hawakutofautiana na wenzao. Mapitio ya mwaka 2023 yaliyokusanya tafiti 32 yalifika mahali pa kati: faida ipo, katika masomo na nje ya masomo, ila ni ya kiasi. Hakuna miujiza humo. Na ushahidi mwingi ni wa miaka ya mwanzo. Kwa sekondari ni haba.

Utafiti ninaoupa uzito kuliko watu wanavyoupa ni mmoja wa Lillard wa mwaka 2012. Haukutumia kura, lakini uliuliza swali la mzazi wa kawaida: je, nusu-Montessori inatosha? Alilinganisha madarasa yaliyoshika mfumo kikamilifu, madarasa yaliyochanganya vifaa vya Montessori na karatasi za mazoezi na midoli ya kawaida, na madarasa ya kawaida. Waliopiga hatua kubwa katika mwaka huo ni wa kundi la kwanza. Wale wa mchanganyiko hawakuwafikia. Kwa maneno mengine, rafu yenye mnara wa waridi uliojaa vumbi haimfundishi mtu.

Upande wa shule ya kawaida nao usihukumiwe kwa mfano wake mbaya. Kufundisha moja kwa moja, mwalimu akieleza hatua kwa hatua na kuwauliza watoto wote, ni njia yenye ushahidi mzito, hasa katika kusoma kwa sauti za herufi na katika hesabu za mwanzo. Mazungumzo ya darasa zima, mmoja akijibu na mwingine akimpinga, ni shida kuyapata katika chumba ambamo kila mtu ana kazi yake. Mzazi anajua mtoto yuko wapi, kwa sababu mtaala umeandikwa na ripoti inakuja. Familia inayohama mara kwa mara inapata mwendelezo, maana darasa la pili la hapa na la kule yanakaribiana. Na shule nyingi za kawaida zimekwisha kuazima kutoka kwa Montessori bila kusema: viti vya kimo cha mtoto na rafu anazofikia mwenyewe ni mambo aliyoyasisitiza yeye wakati madawati yalikuwa yamepigiliwa sakafuni.

Udhaifu wake mkubwa unajulikana na kila aliyewahi kukaa darasani. Somo moja kwa wote humaanisha kuwa aliyekwisha kuelewa anasubiri, na ambaye hajaelewa anaachwa. Mwalimu mzuri anajitahidi kuziba hilo; mwenye watoto wengi kupita kiasi anashindwa.

Watu huuliza: mwanangu ni mtundu, je, Montessori itamfaa? Au: wangu mpole sana, si atapotea huko? Nadhani tabia ya mtoto imepewa nafasi kubwa mno katika uamuzi huu. Mtoto asiyetulia hupata nafuu kwa kuwa anaruhusiwa kusimama na kutembea. Huyo huyo pia anaweza kusumbuka kwa kukosa wa kumwambia aanze wapi. Huwezi kujua ukiwa nyumbani. Maswali yenye faida ni mengine. Je, utaweza kumwacha hadi amalize mwaka wa tatu? Mwaka huo ndio anaovuna, ndio anaokuwa mkubwa wa chumba anayeelekeza wadogo. Anayemtoa mtoto baada ya mwaka mmoja amelipia kupanda bila kuvuna. Je, baada ya hapo kuna shule gani ya kumpeleka? Na je, nyumbani mtavumilia miezi bila daftari lenye alama, pasipo kumuuliza kila jioni kama kawa wa kwanza? Kama jibu la hili la mwisho ni hapana, na si aibu kusema hapana, shule nzuri ya kawaida itawapa amani zaidi nyote.

Halafu nenda ukaione shule yenyewe, asubuhi, watoto wakiwa kazini. Usitosheke na ziara ya mchana kuonyeshwa vyumba vitupu. Omba kukaa kwenye kona, kimya, kwa muda usiopungua nusu saa. Tazama kama umri umechanganyika kweli au wamegawanywa kimyakimya. Tazama kama kazi inakatizwa kila baada ya dakika 40 kwa kipindi kingine. Tazama kama vifaa viko mahali watoto wanapofikia, na kama vina dalili za kutumika. Hesabu ni mara ngapi mwalimu anapaza sauti kuwaambia wote kwa pamoja. Muulize alifunzwa wapi na kwa muda gani. Semina ya siku mbili si mafunzo ya Montessori. Muulize pia anafanya nini na mtoto anayechagua kazi ile ile kila siku na kukwepa hesabu. Mwalimu anayejua kazi yake atakujibu kwa mfano wa mtoto, bila kumtaja jina. Asiyejua atakusomea kipeperushi. Shule inayokataa kabisa usikae darasani, hata kwa miadi, ihesabu kuwa imekujibu.

Fanya hivyo hivyo kwa shule ya kawaida unayoifikiria. Kaa nyuma ya darasa na umtazame mtoto mmoja tu aliye katikati, si yule anayenyoosha mkono kila mara wala yule mtukutu. Kwa nusu saa, ameulizwa kitu? Ameandika kitu? Mwalimu amepita kwake? Ukipata ndiyo tatu, hiyo ni shule ya kupewa heshima, jina lolote lililoandikwa getini. Nami ningemwandikisha mtoto hapo mara kumi kabla ya kumpeleka kwenye Montessori ya rangi za ukutani.

Kwa asiyeweza kulipia, au asiye na Montessori ya kweli karibu, sehemu kubwa ya faida inapatikana nyumbani bila kununua midoli iliyobandikwa jina hilo dukani. Acha mtoto ajivalishe hata kama mtachelewa kidogo. Mpe jagi dogo, kitambaa cha kufutia anachomwaga, na kimya. Usimkatize akiwa amezama.

Jambo la mwisho ni kuhama. Mtoto anayetoka Montessori kwenda darasa la kwanza la kawaida mara nyingi huwa na ujuzi. Kinachomshangaza ni taratibu. Ataambiwa aache kazi ambayo hajaimaliza kwa sababu kengele imelia. Atatakiwa aombe ruhusa kusimama. Atapewa alama kwa mara ya kwanza na hatajua aifanyie nini. Mweleze mapema, kwa siku kadhaa kabla, bila kuidharau shule mpya. Na kwa kuwa hana ripoti yenye namba, mwombe mwalimu wake wa Montessori akuandikie ukurasa mmoja: anasoma nini, anaandika nini, hesabu amefika wapi. Mpelekee mwalimu mpya siku ya kwanza, la sivyo atamwanzisha upya kwenye herufi alizozimaliza mwaka uliopita.